Ukiitwa mbele ya kamati ya nidhamu, nenda na karatasi

Juzi binti mmoja wa mwaka wa pili ameniandikia. Chuo kinamtuhumu kwa udanganyifu kwenye mtihani, barua ya kumwita ina mistari mitatu, na rafiki zake wamemshauri aingie kikaoni akilia ili wajumbe wamhurumie. "Dada, niende na nini?" Anauliza kama walivyoniuliza wengine kabla yake, na jibu langu halijabadilika: nenda na karatasi. Machozi hayaingii kwenye muhtasari wa kikao.

Mimi nimepita huko. Nilikuwa mwaka wa mwisho, nikilifukuzia daraja la kwanza kama wewe unavyolifukuzia sasa, na nilikuwa nimebakiza mtihani mmoja. Msimamizi aliokota karatasi yenye maandishi sakafuni, katikati ya safu mbili za viti. Hakuniuliza kitu. Nilimaliza, nikakusanya, nikaondoka zangu. Matokeo yalipobandikwa, mbele ya namba yangu pakaandikwa "yamezuiliwa", na baadaye ikaja barua kwamba nimekiuka kanuni za mitihani. Kanuni ipi? Lini? Kwa ushahidi gani? Kimya.

Wenzangu waliwahi kuitwa wakaenda mikono mitupu, wakarudi na adhabu mkononi. Mimi nilikaa na kitabu cha kanuni usiku kucha, kile tunachogawiwa siku ya kwanza na kukifanya kizuizi cha mlango. Asubuhi nikamwandikia baruapepe katibu wa kamati: naomba kifungu ninachodaiwa kukivunja, nakala ya ripoti ya msimamizi, nafasi ya kuiona karatasi yenyewe, majina ya wajumbe, na ruhusa ya kuja na mtu. Nikajibiwa kwa simu. "Wewe njoo tu, mengine utayakuta hukuhuku."

Nilipokata simu nikaandika tena: "Kwa mujibu wa mazungumzo yetu ya leo, umenieleza kuwa sitapewa ripoti kabla ya kikao. Naomba unisahihishe kama sikukuelewa." Hakunisahihisha. Mama alinisihi niache ubishi na wakubwa, nami nampenda mama, lakini ile baruapepe fupi ilikuja kufanya kazi ambayo wakili asingeifanya.

Kikaoni nilimkuta msimamizi. Hakuwa amekaa kwenye kiti cha shahidi, maana hakikuwepo; alikuwa upande ule wa meza, ameketi na wajumbe, kalamu mkononi. Nikauliza, kwa adabu zote, kama aliyenishtaki naye atapiga kura. Mwenyekiti akatabasamu: "Binti, hapa si mahakamani." Ripoti nikapewa palepale, nikaisoma huku watu wananitazama. Nikaomba ijibiwe kwanza hoja yangu ya mjumbe, na niandikwe kwenye muhtasari kuwa nimepinga. Wakaandika, kwa kunung'unika. Uamuzi ulikuwa kusimamishwa masomo mwaka mzima, bila sentensi hata moja ya sababu.

"Hapa si mahakamani." Utaisikia hiyo, kwa hiyo tuizungumze. Ni kweli kamati si mahakama. Haihitaji mawakili wala viapo. Ila kumsikiliza mtu kabla ya kumwadhibu hakujawahi kuwa mali ya mahakama peke yake. Chuo Kikuu cha Cambridge kilimvua Richard Bentley shahada zake bila kumwita ajitetee, na katika kesi ya mwaka 1723 mahakama ya Uingereza iliamua arudishiwe. Jaji mmoja alikumbusha kuwa hata Mungu alimwita Adamu ajieleze kabla ya kumhukumu. Kule Marekani, Alabama State College ilifukuza wanafunzi weusi mwaka 1960 baada ya kugoma kutoka kwenye mkahawa wa wazungu katika jengo la mahakama. Hawakuitwa popote, walipata barua tu. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ya shirikisho ikasema, katika kesi ya Dixon, kwamba chuo cha umma hakiwezi kumfukuza mwanafunzi kwa utovu wa nidhamu bila kumweleza tuhuma na kumpa nafasi ya kujieleza. Kuelezwa na kusikilizwa. Hayo ndiyo niliyoyaomba kwa katibu.

Lakini kesi ninayowasomea kila anayenijia ni ya Chuo Kikuu cha Ceylon (Sri Lanka ya leo), iliyoamuliwa mwaka 1960 na Privy Council ya London, iliyokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa nchi hiyo, kwa sababu humo mwanafunzi alishindwa. Alituhumiwa kuwa aliijua mapema sehemu ya mtihani, na ushahidi mkubwa ulitoka kwa mwanafunzi mwenzake, aliyehojiwa yeye asipokuwepo. Akalalamika kuwa hakupewa nafasi ya kumuuliza maswali shahidi huyo. Majaji wakajibu: hakuwahi kuomba. Laiti angeomba akanyimwa, hoja yake ingekuwa na uzito mwingine. Soma tena hapo. Haki uliyoinyamazia wanaweza kuihesabu kuwa hukuihitaji, basi omba, na uombe kwa maandishi hata kama unajua watakataa. Hasa kama unajua watakataa.

Rufaa yangu haikusema "nimeonewa". Kila mtu anasema ameonewa, hata aliyekamatwa na karatasi kwenye soksi. Nilisema mshtaki alikaa kama mwamuzi, na muhtasari unaonyesha nilipinga. Ripoti niliiona kikaoni kwa mara ya kwanza, na baruapepe hizi hapa. Uamuzi hauna sababu. Kisha nikaongeza kuwa namba ya kiti iliyotajwa kwenye ripoti si yangu. Ndiyo, namba ya kiti. Jambo hilo ningelisema siku ya kwanza kama ningepewa ile ripoti siku ya kwanza.

Adhabu ikatenguliwa. Barua ya kunifahamisha haikuwa na neno la pole, na wakati inafika wenzangu walikwisha kuvaa majoho, kupiga picha, na kuanza kazi. Huwa nasema nilishinda, na ni kweli nilishinda. Yule mwenyekiti tulikutana baadaye kwenye korido akanisalimia kwa bashasha kama vile tulisoma pamoja. Sikuitikia, na sijaona sababu ya kujutia hilo.

Sasa nyinyi mnaokata rufaa za alama, msichanganye mambo. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Horowitz mwaka 1978, ilitenganisha adhabu ya nidhamu na uamuzi wa kitaaluma, na huo wa pili majaji hawapendi kuugusa. Ukiandika kwamba profesa hajui kusahihisha, umekwisha. Onyesha kwamba jumla imekosewa, kitabu kimoja cha majibu hakikusahihishwa, au kanuni ya msahihishaji wa pili haikufuatwa.

Na wewe unayelalamika, pengine dhidi ya mhadhiri anayekutaka kwa vitisho vya alama, usidhani habari hizi za utaratibu zinamlinda yeye. Kikao kilichorukwa hatua ndicho anachokitamani, maana rufaa yake itapita kwa urahisi kama ilivyopita yangu. Tunza jumbe zake, andika tarehe, peleka lalamiko lenye muhuri wa kupokelewa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, malalamiko pia.

Maliza hatua za ndani kabla ya kukimbilia nje. Uingereza na Wales wana chombo huru cha kupokea malalamiko ya wanafunzi, lakini kwa kawaida hakifungui jalada lako mpaka uwe na barua ya chuo kuthibitisha kuwa hatua zake zimekwisha, na ukishaipata una miezi 12. Mahakama nyingi nazo hukuuliza kama ulikata rufaa chuoni kwanza.

Muda wa rufaa ni mfupi, na jambo la kuangalia kabla hujapiga simu kwa mtu yeyote ni unahesabiwa tangu lini: tarehe iliyo kwenye barua au siku uliyoipokea. Kama ni tarehe ya barua, bahasha iliyolala kwenye ofisi ya idara imekwisha kula siku zako. Andika kusudio la kukata rufaa siku hiyohiyo, hata mistari miwili, sababu zitafuata. Bakiza nakala yenye muhuri.