Re: Watu wanaacha fomu ya kuripoti utapeli katikati

Habari mkuu. Umesema wengi wanafika kwenye "aina ya kosa" halafu wanafunga. Usiguse rangi kwanza. Kaa na mtu aliyewahi kutapeliwa, aripoti kwa simu yake mwenyewe, nawe nyamaza uangalie kidole kinasita wapi. Kwenye fomu niliyofanyia kazi kilisita kwenye namba ya kitambulisho, iliyoulizwa mwanzo kabisa. Watu walidhani wao ndio wanachunguzwa. Tukaipeleka mwisho, ikawa hiari. Hiyo orodha yenu ya aina za makosa nayo, "udanganyifu wa kielektroniki" ni lugha ya mwanasheria. Andika "nilituma pesa, mzigo haukuja". Kisha pitia ReportFraud, tovuti ya kuripoti utapeli ya FTC (shirika la serikali ya Marekani linalolinda walaji), iliyozinduliwa Oktoba 2020: ukimaliza kuripoti inakupa hatua za kuchukua, siyo "asante" tu.