Kabla Hujalipa Studio, Kijana Wangu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mbarara aliniandikia: "Mzee, nina saksofoni, nina nyimbo 10 tayari, nataka albamu itakayouza kama Breathless ya Kenny G. Niende studio gani?" Kenny G ni yule mpiga saksofoni wa Marekani. Ujumbe ule niliusoma mara tatu. Maneno hayohayo niliyasema mimi mwaka 2013, na yaliniumiza.

Tuianze hiyo Breathless, maana wengi tunaitaja bila kuijua. Ilitoka Novemba 1992. Marekani peke yake imetambuliwa kwa nakala milioni 12, na kwenye Billboard 200, orodha ya albamu zinazovuma huko, ilifika nafasi ya 2. Albamu ya saksofoni, karibu yote haina mwimbaji! Hapa Kampala niliisikia kwenye teksi, kwenye saluni, na katika kila arusi keki ilipokuwa ikikatwa. Lakini albamu ya kwanza ya Kenny G ilitoka 1982. Ikafuata ya pili, ikafuata ya tatu, na dunia haikusimama. Ya nne, Duotones ya 1986, ndiyo iliyokuwa na Songbird, na wimbo huo ukapanda hadi nafasi ya 4 Marekani mwaka 1987. Kutoka albamu ya kwanza hadi Breathless ni miaka 10. Wewe unataka kwa miezi mingapi?

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba alipiga saksofoni ya alto katika bendi ya jeshi Jinja, na Kiswahili changu nimekitoa huko kambini, pamoja na saksofoni. Alfajiri alikuwa akisimama nyuma ya nyumba na kupiga noti moja. Moja tu, mpaka pumzi inaisha, kisha anaanza tena. Sisi watoto tulichoka. Nilipokua nikajiambia kwamba yule mzee hakuwa na vidole vyepesi, mimi ninavyo.

Basi nikakopa shilingi milioni 6 kwenye chama chetu cha akiba, nikaingia studio. Nyimbo 12. Nilipiga noti za mbio tupu, nikapanda juu, nikashuka chini, nikaonyesha kila nilichokijua. Nikachapisha CD 1,000. Usiku wa uzinduzi watu walipiga makofi wimbo wa kwanza, wa pili wakaanza kuongea, wa nne wakawa wanaongea kwa sauti kuliko mimi. Mama mmoja, jirani yetu tangu kambini, alinunua nakala akaniambia, "Mwanangu, umepiga sana. Lakini wimbo uko wapi?"

Niliudhika. Sikumjibu.

Ziliuzwa CD 140. Nyingine zilikaa chini ya kitanda miaka minne, mpaka mvua ikazimaliza. Prodyuza niliyemlipa kila kitu mapema aliondoka na rekodi mama, na mpaka leo hajanirudishia. Tukikutana barabarani namsalimia. Mkono simpi.

Deni nililimaliza kwa kupiga kwenye kwanjula, zile sherehe za utambulisho wa wachumba, na arusi, Jumamosi baada ya Jumamosi, na huko ndiko nilikofundishwa. Kwenye kwanjula hakuna anayekuja kukusikiliza wewe. Watu wanataka kujua bibi arusi anatoka lini. Ukipiga mbio, hawakusikii. Ukipiga sauti moja nene, tulivu, kwenye melodia ambayo bibi kizee anaweza kuishika, vichwa vinageuka. Msikilize mzee Moses Matovu wa Afrigo, bendi iliyoko tangu 1975: kile anachokipiga kwa saksofoni unaweza kukiimba ukitembea. Msikilize Isaiah Katumwa, aliyeisimamisha saksofoni mbele ya jukwaa hapa kwetu bila kuegemea mwimbaji. Hao ndio walimu, na wako karibu.

Hata Kenny G mwenyewe, wanamuziki wa jazi wamemsema sana kwamba anapiga vyepesi. Kipige basi hicho chepesi. Soprano, ile saksofoni ya sauti ya juu anayoipiga yeye, ni chombo kigumu: noti za juu zinateleza nje ya sauti ukilegea midomo kidogo tu, na kuishikilia noti ndefu isiyumbe ni kazi ya miaka. Mwaka 1997 alishikilia noti moja kwa dakika 45 na sekunde 47, akipumua kwa mzunguko, yaani hewa iliyobaki mashavuni inasukumwa nje huku pua ikivuta nyingine. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka baba nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: piga noti ndefu. Nusu saa kila asubuhi, kabla ya wimbo wowote. Halafu chukua melodia yako uimbe kwa mdomo mbele ya mtu asiyejua muziki, na kesho yake umuulize kama anaikumbuka. Kama haikumbuki, usilipe studio. Ukilipa, lipa nusu, nusu nyingine siku unapokabidhiwa faili zote mkononi. Na upige noti ndefu. Vijana wetu wanapenda kuonekana, wanapiga picha na saksofoni kabla hawajaitoa sauti. Acheni hayo, wanangu. Pumzi haipigwi picha.

Mwaka jana nilirekodi tena, nyimbo 5 tu, za polepole. Mwezi uliopita nilikuwa Mukono kwenye kwanjula, nikapita nyuma ya mahema kutafuta maji. Mama mmoja alikuwa akimenya matoke huku akiimba kwa mdomo uliofungwa. Nilisimama. Ulikuwa wimbo wangu wa pili. Hakunijua, na sikumwambia. Nilirudi mbele nikiwa sina kiu tena.

Kijana wa Mbarara, nirekodie kwa simu noti moja, bila muziki wa nyuma, ndefu kadiri pumzi yako inavyokwenda. Nitumie. Jumapili baada ya ibada nitakaa niisikilize.