Kuchapa kitabu mwenyewe ukiwa Mwanza: usianze na nakala 1,000

Mkuu, umesema muswada wa riwaya yako umekamilika, umeuza mpunga huko Magu, na sasa unauliza uchape mwenyewe nakala 1,000 au umsubiri mchapishaji wa Dar. Mimi naandika na kuchapa vitabu vyangu hapa Mwanza tangu 2012, kwa hiyo nakueleza niliyopitia.

Chapa, usisubiri. Mzee Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, akakosa wa kuichapa, hadi akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Ilitoka 1980, na mwaka uliofuata akafariki. Kila nikimkumbuka roho inaniuma.

Lakini nakala 1,000 hapana. Kitabu changu cha kwanza nilichapa idadi hiyo hiyo, kwa kuwa mwenye kiwanda aliniambia ukichapa nyingi bei ya kila nakala inashuka. Ni kweli, maana gharama ya pleti, yale mabamba ya kuchapia kurasa, ni ile ile, uchape 100 au 1,000. Tatizo ni pa kuviweka. Maboksi niliyapanga chini ya kitanda, chumba cha kupanga Igoma. Masika yalipoisha nikafungua boksi la chini: kurasa zimevimba na kujikunja, gundi ya mgongo imeachia, ukifungua katikati karatasi zinakubakia mkononi. Nakala 300 zilikwenda hivyo na deni nilikuwa bado nalilipa. Siku hizi nachapa 200 kwa mashine ya dijitali isiyotaka pleti. Zikiisha narudia.

Hela itakayobaki mpe mhariri, yule anayeifanya kama kazi, siyo rafiki aliyefaulu Kiswahili. Wangu alinifutia sura nzima ya kwanza. Nilinuna wiki mbili, halafu niliposoma upya nikaona kweli hadithi ilikuwa inaanzia sura ya pili. ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, omba Bodi ya Huduma za Maktaba, hakuna haja ya dalali. Kuingiza kitabu mashuleni ni habari nyingine, kule kuna ithibati ya Taasisi ya Elimu.

Kazi yenyewe ni kuuza. Maduka ya vitabu na vifaa vya shule watakupokelea kwa mali kauli, yaani wanakulipa wakishauza. Andikishaneni idadi na tarehe, wote mtie sahihi. Kuna duka lilihama na nakala zangu 40, sikuwa na hata karatasi ya kudai.

Wasomaji wangu wengi nimewapata kwenye meli ya Nansio, kule Ukerewe. Sipigi kelele; nampa mtu kitabu asome ukurasa wa kwanza, nasogea pembeni. Safari moja mama muuza dagaa alimpa binti yake amsomee kwa sauti, benchi la nyuma wote wakanyamaza kusikiliza. Tunafika gatini nimeuza 11, na yule mama ananiuliza, "Mwanangu, cha pili kinatoka lini?"

Kabla hujalipa popote, weka hapa makadirio uliyopewa: gramu (uzito) za karatasi, aina ya jalada, na kama mgongo ni wa gundi au wa kushona. Tuyapitie pamoja.