Jibu: Nianzeje kuandika makala nikiwa nyumbani?

Dadangu, umeuliza kama ununue akaunti ya mtu ya Upwork, ule mtandao wa kutafutia kazi za online, ndo uanze kuandika makala ukiwa nyumbani na mtoto. Tafadhali usinunue! Sheria zao zinakataza kuuziana akaunti, wakigundua wanaifunga na hela iliyomo unaweza usiione tena. Kufungua yako ni bure, jina liwe lile lile la kitambulisho, ila kuomba kazi kunakula pointi zao za kuombea kazi, zinaitwa Connects, so usiombe ovyo ovyo kila tangazo.

Kabla ya hapo andika sampuli mbili tatu za kitu unachokijua. Umesema unafuga kuku, basi andika kuhusu chanjo ya kideri (ule ugonjwa wa kuku wa Newcastle), ile ya tone moja kwenye jicho, unamshikaje kuku asitikise kichwa, unasubiri tone lienee ndo umwachie, baada ya miezi 3 unarudia. Mteja akisoma hivyo anajua huyu hajakopi mahali, na hapo ndo wengi wanafeli aki.

Malipo chukua kwa Payoneer, huduma ya kupokea hela kutoka nje, au PayPal ukiwa Kenya unahamisha hadi M-Pesa. Anayetaka umlipe usajili kwanza ndo akupe kazi, mblock. Ukimaliza sampuli ya kwanza ibandike hapa niisome.