Kuzoeza sikio ukiwa umelala kitandani: yaliyonisaidia mimi

Pole sana na ugonjwa, ndugu. Umeuliza kama programu za kuzoeza sikio, yaani za kujifunza kutambua nota kwa kusikia, zinamfaa mwanakwaya asiyejua kusoma nota, maana uko kitandani na vitabu vimeanza kukuchosha. Zinafaa, ila kuna namna ya kuzitumia.

Mwaka jana malaria ilinilaza hapa Walukuba, Jinja. Dawa ya mseto niliimaliza kwa siku tatu, lakini nguvu zilikawia kurudi, nikawa mtu wa mkeka na kitabu karibu wiki mbili. Nilikuwa nasoma kile cha mtunzi wa muziki wa Uganda, Joseph Kyagambiddwa, cha 1955, kuhusu muziki wa Baganda. Kurasa tano, nalala. Naamka, tano tena, huku kidole kikigonga mapigo ukutani. Zilikuwa siku tulivu, na mpaka leo nazikumbuka kwa shukrani.

Mpwa wangu ndiye aliyeniwekea programu moja ya aina hiyo, GNU Solfege, kwenye laptopu kuukuu. Ni ya bure, na ikishaingia haili bando. Inakupigia nota mbili, nawe unataja umbali uliopo kati yake. Siku ya kwanza nilichanganya do–fa na do–sol mfululizo, nikasingizia homa. Kumbe nilikuwa nabahatisha tu! Nikaanza kuimba kabla ya kubofya: nota ya chini naiita do, iwe ipi iwayo, kisha napanda kwa kunong'ona, re, mi, fa, mpaka niifikie ya juu. Do mpaka fa ni nusu toni tano (nusu toni ni hatua ndogo kabisa ya piano), do mpaka sol ni saba, na koo langu liliijua tofauti hiyo kabla ya kichwa. Solfa yetu ya kanisani ilikuwa imeshanifundisha, nilikuwa sijaitumia.

Basi usibofye hujaimba. Anza na do–fa na do–sol peke yake, zima nyingine zote. Dakika kumi asubuhi, kumi jioni, inatosha. Mwili unaopona haupendi kusukumwa.

Jambo moja lilinisumbua, nalo nakuomba ulizingatie. Programu hizi zinagawa nafasi ya do mpaka do ya juu yake katika hatua 12 zilizo sawa, kama piano. Amadinda, ile marimba ya mbao ya Buganda, inagawa nafasi hiyohiyo katika hatua tano zinazokaribiana kwa ukubwa, na kila moja ni pana kuliko toni ya piano, lakini haifiki toni na nusu. Nilipojaribu kuipata nota ya amadinda kwenye kinanda cha programu sikuipata, nikadhani sikio langu limepinda. Halijapinda. Ukilelewa na ngoma za nyumbani unasikia vitu ambavyo programu haina kitufe chake, na usikubali ikuambie umekosea.

Anza leo jioni ukishakunywa uji. Ukikwama, niandikie ni nota zipi unazozichanganya, tuzitazame pamoja.