Foleni ina kazi, mpokeaji amekaa bure

SWALI: Ndugu Mhariri, programu yetu ya Java hutumia Apache Camel (zana ya kuunganisha mifumo) kusoma oda kutoka foleni ya ActiveMQ Classic, programu inayohifadhi na kusambaza jumbe. Tuna wapokeaji wawili, yaani nakala za programu zinazosoma foleni hiyo, kwenye seva mbili. Mmoja huelemewa na jumbe 800 huku mwenzake akikaa bure. Je, njia zetu, yaani maagizo ya Camel ya kupitisha jumbe, tumeziandika vibaya?

JIBU: Ndugu msomaji, njia zako usiziguse kwanza. Fungua ukurasa wa usimamizi wa ActiveMQ, kisha tazama orodha ya wapokeaji wa foleni hiyo: yaelekea utakuta mmoja amekwisha kukabidhiwa jumbe zote 800 na mwingine hana hata moja. ActiveMQ, isipoelekezwa vingine, humsukumia kila mpokeaji wa foleni hadi jumbe 1,000 kabla hajathibitisha kwamba amemaliza wa kwanza, kwa hiyo aliyetangulia kuunganishwa huweza kubeba shehena nzima. Kwa kazi nyepesi mpango huo huleta kasi, lakini oda inayochukua sekunde kadhaa huhitaji kiasi kidogo. Andika anwani ya muunganisho hivi, ili kila mpokeaji akabidhiwe ujumbe mmoja mmoja:

tcp://seva:61616?jms.prefetchPolicy.queuePrefetch=1

Kisha zima na uwashe upya wapokeaji wote wawili, kwa kuwa jumbe zilizokwisha kukabidhiwa hazirudi foleni mpaka aliyezishika akatike. Nakusihi uhakikishe kwanza kwamba programu yako hutambua oda iliyokwisha kushughulikiwa, maana ujumbe uliokatizwa kabla ya kuthibitishwa huweza kuletwa tena, na mteja akatozwa mara mbili.