Mtoto na simu: mfundishe bao

Waalaikumu salaam dada yangu. Umeuliza mwanao wa miaka saba acheze nini hapo Wete ili akili ichangamke, badala ya kushinda na simu, na bila ya kununua vichezeo vya ghali.

Mimi ningeanza na bao. Lile la wakubwa, la mashimo 32 na kete 64, kila mchezaji akianza na kete 22 mkononi, litamchosha. Nyinyi tieni kete mbili mbili kila shimo; ubao ukikosekana, chimbeni mchangani uani. Kabla hajachota kete za shimo kuzigawa moja moja kwenye mashimo yanayofuata, muulize, "Hizi zitaishia shimo gani?" Asiziguse, ahesabu kwa macho. Hapo ndipo kazi ilipo. Akikosea mwache, mchezo wenyewe utamwonesha. Na usimwachie ashinde kila mara, watoto wanajua!

Jioni ukikuna nazi, tegeaneni vitendawili, lakini naye atunge vyake. Mwanzie: "Mbuzi wangu hali majani." Akikwama, mwambie atazame ulichokikalia.

Dukani mtume na noti, akirudi akuhesabie chenji.

Simu usiifiche kwa ugomvi. Ipangie saa yake, baada ya skuli na chuo cha Kurani.